Fundi Anajibu: Handbreki ya lori la jeshi, inashika wapi hasa?

Toleo lililopita tuligusia kidogo haya malori ya jeshi yaliyostaafu, yale ambayo siku hizi yanabeba mchanga, mbao, maji na mitambo ya visima hapa Dar, tukasema mwenye swali atume. Mmetuma kweli kweli, afu karibu yote yameangukia sehemu moja, handbreki, kitu ambacho wengi hawakiwazi mpaka siku gari linaanza kutembea lenyewe na dereva yuko kwa mama ntilie anasubiri wali. Nimechagua machache, yanayofanana nimeyaunganisha, majina nimeyatoa nimebakiza maeneo tu.

SWALI, Chanika: Shikamoo fundi. Sisi tunachimba visima, mtambo wetu umefungwa juu ya ZIL-131 ya Mrusi, ile yenye ekseli tatu na zote zinavuta. Majuzi propela (shafti ndefu ya kupeleka mzunguko) inayotoka kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu ya injini mbele na nyuma) kwenda nyuma ilikuwa inagonga, krosi (kiungio cha propela) imekufa, fundi akaingia uvunguni kuifungua. Handbreki nilivuta mimi mwenyewe mpaka mwisho. Ile propela kutoka tu, gari likaanza kwenda taratibu upande wa bondeni, bahati kulikuwa na lundo la udongo wa kisima likagota hapo. Fundi anasema handbreki yangu mbovu, mi nasema jana yake tu ilikuwa inashika. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wewe ndo mkweli, na huyo fundi ashukuru lile lundo la udongo.

Handbreki ya ZIL-131 haishiki tairi hata moja. Inashika dramu iliyofungwa nyuma ya transfa, kwenye ile shafti inayotoka kwenda difu (yale meno ya katikati ya ekseli) za nyuma, basi. Kuanzia hapo kazi ya kushika inapitia kwenye flanji, krosi, propela, krosi ya pili, difu, shafti za pembeni, ndo ifike kwenye tairi, sasa nyie mmekata njia katikati. Handbreki iliendelea kushika dramu yake vizuri tu ila tairi za nyuma hazina habari nayo tena. Na sio mambo ya jeshi peke yake, hata Canter nyingi mnazoziona Kariakoo zina dramu ya handbreki nyuma ya gia boksi, kwa hiyo fundi wa malori kutolijua hili nashangaa kidogo.

Kwanini wakaiweka huko? Sababu ni hesabu ya difu. Chukua M35A2 ya Mmarekani, difu yake ni 6.72, yaani propela izunguke mara 6.72 ndo tairi lizunguke mara moja. Geuza hiyo hesabu, nguvu yoyote unayoshikia kwenye propela ikifika tairini imezidishwa karibu mara saba. Ndo mana kidramu kidogo chenye mkono wa chuma na fimbo mbili tatu, bila upepo wala mafuta, kinashikilia lori la tani kumi. Ni rahisi, haina mambo mengi, askari anaitengeneza porini. Ila inadai kila kitu kati ya transfa na tairi kiwe kizima na kiwe mahali pake. Krosi ikikatika, shafti ya pembeni ikikatika, au fundi akichomoa shafti moja kwenye gari lenye difu moja nyuma, huna handbreki. Na ukipaki ukasikia gari limesogea kidogo afu likatulia, hiyo ni nafasi ya kwenye meno na krosi inaisha, kidogo ni kawaida. Likisogea mpaka abiria anageuka kukuangalia, zamia chini uangalie krosi.

Kwenu nyie wa visima kuna jambo la pili ambalo hukuuliza na linanitisha kuliko hilo la propela. Mkifika saiti mnashusha ile miguu ya haidroliki kusawazisha mtambo, si ndio? Zile tairi za nyuma zikinyanyuka kutoka ardhini, handbreki yenu imekufa dakika hiyo hiyo, mana ilikuwa inashikilia ardhi kupitia tairi hizo hizo. Kilichobaki kinazuia gari ni tairi za mbele ambazo hazina kitu. Kwa hiyo kabla mguu wowote haujagusa chini, kabari za tairi za mbele ziwe zimeingia, pande zote mbili za tairi, na mtambo ukimaliza miguu inapanda kwanza ndo kabari zinatoka. Kwa propela ni hivyo hivyo, kabari kwanza kabla bolti ya kwanza haijalegea, na ikiwezekana gari lisogezwe sehemu tambarare hata kama mwenye kiwanja anapiga kelele.

SWALI, Kigamboni: Habari fundi. Nina Land Rover 110 niliyonunua mnadani, ilikuwa ya jeshi, rangi yake ya kijani bado ipo. Nilipata pancha njia ya Kimbiji, nikavuta handbreki, kijana akaweka jeki nyuma kushoto, tairi lilipoachana na ardhi tu gari likateleza mbele likaangukia jeki, jeki imepinda kama ndizi. Nimebadilisha shuu za handbreki (vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani) nimeweka mpya lakini bado nina wasiwasi, je nibadilishe na waya?

JIBU: Dada, waya uache kama hauna tatizo, na zile shuu za zamani yawezekana hazikuwa na kosa lolote.

Land Rover nayo handbreki yake ni dramu nyuma ya transfa, ndugu yake na ZIL hapo juu. Sasa difu ya kawaida ina tabia moja, ukishikilia propela isizunguke, tairi la kulia likienda mbele la kushoto linarudi nyuma. Yakiwa yote mawili chini hakuna linaloweza kwenda kinyume na mwenzake kwa hiyo gari linatulia. Nyanyua moja, hilo la hewani liko huru kuzunguka kinyume, na la chini linaviringika litakavyo. Kama kuna mtu alikuwa anaangalia tairi la kushoto wakati gari linateleza, aliliona linazunguka kurudi nyuma huku gari linakwenda mbele. Wengi hawalioni mana wanakuwa wameshakimbia.

110 ina jambo la ziada kwa sababu inavuta tairi zote nne muda wote na katikati kuna difu ya tatu. Dramu inashika propela ya nyuma tu, kwa hiyo difu hiyo ikiwa haijafungwa, ukinyanyua tairi moja la nyuma yale ya mbele hayasaidii kitu. Dawa yake ipo ndani ya gari, kile kigia kifupi, sukuma upande wa difloki mpaka taa yake iwake kwenye dashibodi. Hapo propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, ukinyanyua tairi moja la nyuma basi yale ya mbele yaliyoko chini yanaendelea kushika. Taa isipowaka usijidanganye, sogeza gari kidogo mbele na nyuma difloki iingie ndo upaki. Wenye 109 za zamani hamna hii, kwenu ukinyanyua tairi la nyuma handbreki imekwisha, labda uwe umeingiza foo-wili.

Na difloki ikiwaka bado unaweka kabari, tusiongee sana hapo.

Ila hizo shuu mpya ulizoweka nakuomba uzichungulie tena baada ya wiki chache. Ugonjwa mkubwa wa handbreki ya Land Rover ni ile sili ya oili ya nyuma ya transfa, ikichoka inamwaga oili ndani ya dramu moja kwa moja, na shuu zikishakunywa oili hata ukizisafisha kwa petroli na msasa zinashika siku mbili zinarudi kule kule. Kama kuna unyevu mweusi chini ya dramu, badilisha sili kwanza. Kukaza ni rahisi, nyuma ya bamba la dramu kuna kibolti, kaza mpaka dramu igome kuzunguka afu legeza kidogo kidogo mpaka izunguke huru.

SWALI, Tegeta: Fundi mi ni dereva, gari la bosi. Ni Leyland DAF iliyokuwa ya jeshi la Uingereza, ya tani nne, tumeifunga bodi ya tipa, tunabeba mchanga. Asubuhi ilikuwa inachukua muda mrefu kujaza upepo, breki hazifungui, tukifika machimbo foleni ishakuwa ndefu. Fundi mmoja akaja na bolti ndefu akaziingiza nyuma ya chemba za breki za nyuma akakaza. Sa hivi nikipiga stata naondoka palepale, bosi kafurahi sana. Ila handbreki nikivuta inatoa sauti tu pssss, haishiki kitu, napaki kwa gia na jiwe. Bosi anasema malori yote ya zamani yako hivyo. Ni kweli?

JIBU: Sio kweli, na mwonyeshe bosi hili jibu, kama hawezi kulisoma lote asome aya inayofuata tu.

Ile dakika kumi mliyokuwa mnaiona inapotea asubuhi, gari lilikuwa linawakatalia kuondoka kwa sababu halina breki ya mguu. Kwenye lori la breki za upepo mtupu, breki ya mguu haifanyi kazi bila upepo kwenye matangi. Handbreki yake iko kinyume, ndani ya chemba kuna springi kubwa ambayo muda wote inataka kushika breki, na upepo ndo unaoirudisha nyuma ili gari liende. Upepo ukiwa mdogo springi inashinda, gari linagoma. Sasa mmeifunga springi kwa bolti, mnapiga stata, matangi yako karibu na sifuri, na mnaondoka. Yaani kuanzia getini mpaka geji ipande unaendesha lori ambalo halina breki ya mguu wala ya mkono. Na kama bomba la upepo likipasuka barabarani, ile springi iliyokuwa ikusimamishe imefungwa bolti.

Hizo bolti zenyewe ni za halali, watengenezaji huwa wanaiweka kwenye kimfuko ubavuni mwa chemba. Kazi yake ni moja, gari limekufa halina upepo na unataka kulivuta, au unabadilisha chemba. Ukimaliza unaitoa. Kuzitoa zenu, peleka gari sehemu tambarare, weka kabari, jaza upepo mpaka geji ifike juu kabisa na handbreki iwe imeachiwa, hapo springi inakuwa imerudishwa na upepo na bolti inalegea kwa urahisi bila kugombana nayo.

Halafu mtafute ugonjwa wenyewe, ambao ni upepo unavuja au kompresa imechoka. Jaza mpaka mwisho, zima injini, weka kabari na uachie handbreki, zima na redio, tembea kuzunguka gari ukiwa umenyamaza. Unasikiliza. Pale penye mashaka paka maji ya sabuni ya unga kwa brashi, povu likichemka ndo hapo. Angalia viungio vya mabomba, valvu ya mguu, na chemba zenyewe, mana ile raba ya ndani ikichanika inavujia kwenye vitundu vya chini. Madereva wa Marekani wanapimwa hivi, lori lisilo na trela likizimwa breki zikiwa zimeachiwa lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika moja, na ukikanyaga pedeli ukaishikilia lisizidi psi 3. Lenu nadhani linapoteza hizo wakati unafunga mlango. Na mwage maji kwenye matangi ya upepo kila siku, hewa ya Dar ina maji mengi na chumvi juu yake, ukifungua ile koki ya chini kikatoka kitu kama chai ya maziwa ujue kompresa inatupa oili pia.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, haswa mafundi. Ile sehemu ya nyuma ya chemba, yenye springi, HAIFUNGULIWI. Springi iliyomo imebanwa kwa nguvu ya karibu tani moja, ule mkanda wa chuma unaozunguka ndo umeishikilia, ukiulegeza kwa spana kifuniko kinaruka na kilicho mbele yake kinakufa, imeshatokea duniani mara nyingi tu. Chemba ikiharibika unaifunga springi kwa bolti yake, unatoa chemba nzima, unaweka nyingine. Na ile mbovu usiitupe tu nje ya gereji, mana kijana wa vyuma chakavu ataiokota na mtu ataipiga gesi kuikata bila kujua kilichomo. Iache na bolti yake imekazwa na uiandike kwa rangi, au irudishe dukani ulikonunua nyingine.

La mwisho kwa bosi. Lori la tani nne, tipa mliyofunga inabeba kyubiki ngapi? Ukisema saba, mchanga mkavu kyubiki moja ni kama tani 1.6, hapo ni tani 11 na ushee, ukiwa umelowa zaidi. Kanuni za breki zinazofuatwa Ulaya, ile R13 ya Umoja wa Mataifa, zinataka handbreki ishikilie gari lenye mzigo wake kamili kwenye mteremko wa asilimia 18, kupanda na kushuka. Mzigo wake maana yake mzigo uliopangiwa. Gari la tani kumi kwenye mteremko kama huo linajivuta kushuka kwa nguvu kama ya tani 1.8, ongeza tani saba za wizi juu yake uone springi zile zile mbili zitafanyaje.

SWALI, Buguruni: Mi taniboi. Dereva wangu ananiambia jiwe linatosha, kabari ni mbwembwe za wazungu. Tunaendesha boza la maji la kijeshi la zamani.

JIBU: Jiwe la mviringo tairi la lori linalipanda au linalisukuma, na ukiliweka baada ya gari kuanza kutembea linakuponda vidole. Kata gogo la mbao ngumu kwa mshazari, pana kama tairi, yawe mawili, yafunge kamba ndefu ili uyavute ukiwa umesimama pembeni na sio ukiwa umeinama mbele ya tairi. Yakae kwenye gari siku zote. Kwa boza ndo zaidi, mana maji yakiwa nusu tangi yanacheza mbele na nyuma na kila yakigonga yanalisukuma gari upya, handbreki iliyoshika kwa mashaka inaachia hapo. Afu jamani lile jiwe mlilotumia litoeni barabarani mkiondoka, bodaboda wanakufa usiku kwa mawe yenu.

SWALI, Kimara: Mzee wangu ana lori la Mmarekani, M35A2, usukani kushoto, linashusha mbao kutoka Mafinga. Breki za mguu zikifeli pale Kitonga, handbreki inaweza kulisimamisha?

JIBU: Likiwa linatambaa gia ndogo, ndio inaweza. Likiwa limeshachanganya, usiweke roho yako pale. Ile dramu ni ya kushikilia gari lililosimama, ukiipa kazi ya kumeza mwendo wa lori lenye mbao kwenye mteremko mrefu inapata moto haraka, lainingi (ile ngozi ya kushikia iliyobandikwa kwenye shuu) inateleza, au ikishika ghafla inaziminya krosi na shafti mpaka kitu kinakatika, na kikishakatika umepoteza pia injini ya kukuzuia. Ikibidi, vuta taratibu kwa kuongeza, usiing'oe kwa mara moja.

Wasiwasi wako lakini una msingi. M35A2 breki zake za mguu ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mfumo wa mafuta ni mmoja tu kwa tairi zote kumi. Bomba moja likitoboka popote, pedeli inazama mpaka chini na hakuna tairi linaloshika, haina kundi la pili la kukusaidia kama magari ya sasa. Kwa hiyo kwa mzee handbreki ndo breki yake ya akiba pekee, na inabidi iwe nzima kuliko kwenye gari lingine lolote. Ule mkono wake juu una kitasa kinachozunguka, kizungushe kwa mwendo wa saa kukaza. Mkono ukivutwa lazima ugome, upite katikati kwa kishindo na ukae. Ukipanda kilaini kama mkono wa dirisha, hakuna kinachoshika huko chini.

Kitonga kwenyewe aingie juu akiwa tayari kwenye gia ndogo, sio aitafute katikati ya kona, mana gari likishakimbia gia ya chini haiingii, unabaki nyutro na hapo ndo mwisho. Aangalie na mafuta ya breki aliyoweka. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya breki ya silikoni miaka ya 1980, yale ya DOT 5, na hayachanganyiki na DOT 3 au 4 zinazouzwa kila duka la spea Gerezani. Kama hajui yaliyomo ni yapi, amwage yote asafishe mabomba ajaze aina moja. DOT 5.1 sio silikoni, jina linafanana tu, wauza duka wengine hawatofautishi.

SWALI, Mbagala: Kuna lori la jeshi linauzwa, muuzaji ana haraka. Nijaribuje handbreki kabla sijatoa hela?

JIBU: Haraka yake muachie mwenyewe. Kwanza lala chini uone handbreki iko wapi, nyuma ya transfa au kwenye chemba za tairi, hapo utajua unanunua nini. Kama ni dramu ya transfa angalia oili, angalia waya au fimbo kama zina kutu, hapa pwani zinakufa kimya kimya. Usikubali mtu apulize vumbi la dramu kwa kompresa mbele ya uso wako, lainingi za zamani nyingi zilikuwa na asbesto na lile vumbi linaharibu mapafu. Lowanisha kwa maji ndo ufute.

Kisha sehemu tambarare, vuta handbreki, ingiza gia namba moja, achia klachi pole pole bila kukanyaga mafuta. Injini inatakiwa iinamie kutaka kuzima. Gari likienda kama hakuna kitu, hakuna kitu. Usikazanie jaribio hili, ni la kugusa tu, mana kwenye breki ya transfa unazitesa krosi. Baadae mlipeleke mlimani, Mbagala kwenyewe kuna vilima, au Pugu, au Goba, likiwa na mzigo, msimamishe likitazama juu afu likitazama chini, mana shuu nyingine zinashika vizuri upande mmoja tu. Mtu awe na kabari mkononi, na asisimame nyuma ya gari.

Halafu ujanja wa wauzaji, mwulize anapaki kwa kutumia nini. Malori mengine ya zamani ya breki za upepo, hasa yaliyokuwa yanavuta trela, yana kikono pembeni ya usukani kinachopeleka upepo kwenye breki. Ukikivuta gari linashika sawasawa, unafurahi unalipa. Hiyo sio handbreki. Inashika kwa upepo, na upepo ukivuja usiku breki inaachia saa nane watu wamelala. Mwambie akiache hicho kikono, avute handbreki yenyewe, na kama mnaelewana lilale limepakiwa pale na kabari zikiwa zimeachwa nafasi ya kiganja kutoka kwenye tairi. Asubuhi uje uone kama tairi imeifuata kabari.

Na jambo dogo, transfa nyingi za magari haya zina nyutro yake. Mtu anaweza kuacha gia namba moja akashuka kwa raha kumbe transfa iko nyutro, labda alikuwa anatumia winchi, gia boksi haijaungana na tairi kabisa. Kabla hujaamini gia, angalia na kigia cha transfa kiko wapi.

SWALI, Mikocheni: Lori langu litakaa yadi msimu wote wa mvua, niache limevutwa handbreki?

JIBU: Hapana mkuu. Miezi kadhaa kwenye unyevu wa bahari shuu zinagandana na dramu kwa kutu, na siku ukiliondoa kwa nguvu lainingi inabanduka inabaki kwenye dramu. Liache tambarare, kabari mbele na nyuma ya tairi mbili zisizo za upande mmoja, gia namba moja, transfa iwe imeingia, handbreki imeachiwa. Kama ni la springi na upepo huna ujanja, ukiisha litajishika lenyewe, kwa hiyo mtu aliwashe kila baada ya wiki mbili tatu, ajaze upepo, asogeze mbele na nyuma kidogo. Na kama mvua za Jangwani zilikufikia ukapita kwenye maji kabla ya kulipaki, fungua dramu ya handbreki uioshe tope kwanza, ile ya transfa iko juu kuliko za tairi lakini maji ya Jangwani yanafika.

Maswali ya klachi na gia boksi yamebaki mengi, yanatoka toleo lijalo.